Mbona huyu Holden hana jinzi wala rock? Naomba kueleweshwa

Binti wa Kirumba

Wakuu, habari za jioni. Nina swali la kitabu, si siasa wala mpira, naomba msinikimbie.

Nimenunua The Catcher in the Rye cha J. D. Salinger kwa muuza vitabu vya mtumba anayetandika turubai pale Makoroboi, Mwanza. Jalada halipo, kurasa zimekuwa za njano, ila zote zimo. Nakisoma kibandani kwangu, mteja akija natoa kopi, akiondoka naendelea. Nimefika katikati nikakwama.

Nilivyosikia, hiki ndicho kitabu cha vijana wa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Basi nikategemea jinzi, pikipiki, magitaa, watoto wanaowasumbua wazazi. Nakutana na Holden, mvulana wa miaka 16 mwenye tai, anaingia hotelini kucheza bendi ya wakubwa, anajadili waigizaji wa jukwaani utadhani ana miaka 50. Kafukuzwa shule ya bweni ya gharama, hela anazo, teksi anapanda kama sisi na daladala, na bado kwake kila mtu ni mnafiki. Rafiki yangu ninayesoma naye kasema mwandishi alikuwa ameachwa na wakati. Ni kweli? Vijana wa enzi ile waliishije hasa?

Mtoto wa Mwaloni

Dada, huyo dogo aletwe hapa Mwaloni saa kumi alfajiri abebe magunia ya dagaa mpaka jua litoke. Habari za unafiki wa watu atazisahau.

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi

Mtoto wa Mwaloni umenichekesha, lakini umegusa penyewe. Nitakurudia.

Binti, rafiki yako amechanganya miaka. Kitabu kilitoka Julai 1951. Santuri ya kwanza ya Elvis Presley, mwimbaji wa rock, iliingia sokoni 1954, na sinema za vijana wenye hasira na jinzi zikashika moto baada ya hapo. Hayo unayoyatafuta yalikuwa bado. Tena hadithi yenyewe ni ya nyuma zaidi. Rudi sura ya 5: Allie, mdogo wake Holden, alikufa kwa saratani ya damu tarehe 18 Julai 1946, Holden akiwa na miaka 13. Sasa ana 16 na Krismasi inakaribia. Piga hesabu, utapata Desemba 1949.

Redio mwaka huo nyumba nyingi ilikaa sebuleni, na aliyeishika ni baba. Redio ndogo ya transista, ile ya kutia mfukoni, ilianza kuuzwa kule 1954. Kabla ya hapo mara nyingi kijana alisikiliza kilichosikilizwa na nyumba nzima: bendi kubwa za tarumbeta na saksafoni. Ndiyo maana Holden anacheza muziki wa wakubwa. Ukiacha yale masanduku ya muziki ya kutumbukiza sarafu kwenye migahawa, wake peke yake alikuwa hajapewa.

Sasa nakuja kwa Mtoto wa Mwaloni. Wamarekani nao watoto wao walikuwa wakibeba magunia. Mwaka 1900, kati ya vijana kumi wa miaka 17, hata mmoja hakufika kumaliza sekondari. Wengine walikuwa shambani, mgodini, viwandani. Uchumi ulipoanguka kuanzia 1929, kazi zikawa haba hata kwa baba zao, vijana wakasukumwa madarasani kwa kukosa pa kwenda. Mwaka 1938 ikaja sheria ya kubana ajira za watoto. Kufika 1940 karibu nusu walikuwa wanamaliza sekondari. Hebu fikiria: mamilioni ya watu wa rika moja, wako pamoja kutwa nzima miaka minne, hawana mke wala jembe. Lazima wataanza kuvaa kwao, kusema kwao, kuchekana kwao.

Halafu vita vikaleta fedha. Viwanda vilifanya kazi usiku na mchana, hata wanafunzi wakapata vibarua. Wafanyabiashara wakanusa. Septemba 1944 likaanzishwa gazeti la Seventeen kwa ajili ya wasichana wa shule, limejaa matangazo ya nguo na mafuta ya uso. Mwezi uliofuata Frank Sinatra akaimba ukumbi wa Paramount, New York, wasichana kwa maelfu wakaziba barabara na polisi wakazidiwa. Hao ndio kaka na dada zake Holden.

Yeye kasimama mlangoni. Si mtoto tena, lakini ukubwa wenyewe umeshikwa na watu wanaomwambia asubiri. Soma tena sura ya 10 taratibu: anaagiza wiski na soda kwa sauti ya mtu mzima, mhudumu anataka uthibitisho wa umri, anaishia kuletewa Coca-Cola. Umri wa kunywa New York ulikuwa 18. Kwangu mimi kitabu kizima kimo kwenye glasi ile.

Na ile santuri aliyomnunulia Phoebe, mdogo wake wa kike! Dola tano, pesa nyingi wakati huo. Mwaka ule ule wa 1949 kampuni ya RCA ilikuwa imetoa santuri ndogo za plastiki, nyepesi, ndizo zilizokuja kuwa mali ya vijana. Holden hazitaki. Anatafuta wimbo wa miaka 20 nyuma ulioimbwa na dada mweusi, kwenye santuri ya zamani. Zile za zamani zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu, ngumu na nzito, na zikidondoka zinapasuka kama sahani. Nyumbani Ukerewe tulikuwa nazo, tuliruhusiwa kuzitazama tu. Ya Holden inamponyoka bustanini usiku, na vipande anaviokota anatia mfukoni. Huyo si kijana anayefuata mtindo mpya.

Msomaji wa Bukoba

Shikamoo mwalimu. Maelezo matamu, ila hao vijana wa sekondari na vibarua vyao si Holden. Huyu ni mtoto wa wakili, anaishi bwenini na watoto wa matajiri wenzake. Watoto weusi wa kusini mwa Marekani walikuwa bado kwenye shule za kutengwa. Mahakama Kuu ya kule ilitamka kwamba ni kinyume cha katiba mwaka 1954. Nao walikuwa vijana baada ya vita. Tukimfanya huyu mvulana kioo cha rika lote tunadanganyana.

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi

Marahaba. Kioo cha rika lote hapana, sijamfanya hivyo na sidhani mwandishi alitaka. Lakini waliokisoma hawakuwa matajiri peke yao. Kilichowaunganisha ni jeshi. Sheria ya 1948 ilisema mwanaume akifika 18 anajiandikisha, kuanzia 19 anaweza kuitwa. Juni 1950 vita vya Korea vikawaka. Kwa hiyo kitabu kinatoka, msomaji wa miaka 17, bwenini au kijijini, anajua zamu yake inakuja.

Binti wa Kirumba

Shikamoo mwalimu, asante sana. Nimerudia ile ya Coca-Cola na safari hii nimemhurumia. Sasa swali la mwisho: mbona wazazi hawaonekani? Na vita vyenyewe mbona vinapita kwa mistari michache tu?

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi

Marahaba binti. Wazazi wamo, ila wamezama kwenye msiba wa Allie. Mama halali usiku, anavuta sigara, Holden mwenyewe anasema. Nyumba kama hiyo mtoto mkubwa husahaulika.

Kuhusu vita: Salinger alishuka ufukweni Normandy tarehe 6 Juni 1944 na akapigana mpaka Ujerumani. Hadithi yake ya kwanza ya Holden ilikubaliwa na jarida la The New Yorker mwaka 1941, kisha Marekani ikaingia vitani, wakaiweka kando mpaka Desemba 1946. Mtu aliyeandika vichekesho vya mvulana aliye likizo ya Krismasi akarudi na mvulana anayelia. Baba yangu mkubwa alikuwa Keya, askari wa Kiafrika katika jeshi la Waingereza, alipigana Burma. Ukimuuliza habari za huko alikusimulia chakula na mvua, basi. Kwenye kitabu msikilize D.B., kaka mkubwa: miaka minne jeshini, akija likizo analala tu kitandani, hata sebuleni haingii ila mara chache.

Mtoto wa Mwaloni

Haya mwalimu, nimenyoosha mikono. Dada, ukimaliza niazime, lakini usinidai jalada.

Binti wa Kirumba

Njoo Jumamosi. Uje umenawa, sitaki kurasa zinuke dagaa.