Ushauri: Sekondari yetu imechakaa. Tuvunje tujenge upya pamoja na ukumbi wa jamii, au tukarabati?

Mwana wa Mgombani

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri, na mnivumilie maana maelezo ni marefu.

Mimi ni mjumbe wa bodi ya sekondari moja ya serikali huku Uchagani, ukanda wa juu. Jina nitaliacha. Nimesoma hapo mwenyewe. Madarasa ya kwanza yalijengwa miaka ya 1960 kwa mawe ambayo mama zetu waliyabeba kichwani kutoka mtoni. Paa ni la asbesto. Leo ukuta wa jengo la pili una ufa unaoingia vidole viwili, masika kidato cha pili wanahamia bwaloni, na choo cha wasichana kimetitia upande mmoja.

Sasa amejitokeza mzaliwa wa huku mwenye uwezo, anafanya biashara mjini. Anataka apewe sehemu ya kiwanja inayopakana na lami ajenge ukumbi wa sherehe na fremu ishirini za maduka, azitumie miaka 30 kisha azirudishe. Yeye atavunja majengo yote ya zamani na kutujengea ghorofa la madarasa 12, pamoja na maktaba ambayo wanakijiji nao wataitumia.

Bodi imegawanyika kabisa. Ukumbi tunauhitaji kwa kweli: Desemba watu wakirudi nyumbani, harusi na kipaimara tunafanyia kwenye matope chini ya maturubai. Vijana waliokosa nafasi ya kuendelea na masomo hawana hata karakana moja ya kushika randa. Lakini huku kwetu ardhi inagawanywa mpaka mgomba wa mwisho, na ikishatoka hairudi. Usiku silali nikifikiria kwamba sahihi yangu itakuwa kwenye karatasi hiyo.

Nawasilisha, natanguliza shukrani.

Nondo Kumi na Mbili

Mkuu, pole na majukumu. Mimi ni fundi mhandisi, nimesimamia ukarabati wa shule mbili za aina hiyo.

Kwanza, mtu asiwaambie "vunja" kabla ya kuwaambia kwa nini ukuta umepasuka. Nenda kauangalie ule ufa. Je, ni mpana juu kuliko chini, na umelala mshazari kuelekea kona? Kama ndivyo, kona inazama, na mara nyingi kinachoizamisha ni maji. Huko mlimani mna mifereji ya asili. Kuna mfereji unaopita juu ya hilo jengo?

Halafu chukua kipande chembamba cha kioo, kigandishe kwa saruji kukatisha ufa, andika tarehe ukutani. Kikipasuka baada ya wiki kadhaa, jengo bado linatembea. Kikibaki kizima mpaka masika ipite, ufa ni wa zamani na unazibika. Ni kipimo cha mafundi wa zamani, hakigharimu kitu. Baada ya hapo ndipo mumwite mhandisi wa halmashauri aandike ripoti yenye sahihi.

Ukuta wa mawe wenye unene wa futi moja na nusu si wa kuvunja kwa pupa. Katika mpango wa kukarabati shule kongwe, Pugu, Mzumbe na Kilakala hazikuvunjwa zikaanza upya. Ihungo kule Bukoba ni habari nyingine, pale tetemeko la Septemba 10, 2016 ndilo lililoamua.

Kitu kimoja ambacho nakusihi usikifanyie mchezo: asbesto. Ikikaa juu nzima bila kuguswa, hatari yake ni ndogo. Hatari inakuja ikipigwa nyundo au ikikatwa kwa msumeno, vumbi lake likaingia kifuani na ugonjwa ukaja kuonekana miaka mingi baadaye. Haivunjwi na vibarua wala wanafunzi hawatumwi kuibeba. Inaloweshwa maji, inafunguliwa vipande vizima vizima na watu wenye mavazi ya kujikinga, inafungwa kwenye nailoni nzito na kupelekwa mahali palipoidhinishwa. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wahusishwe mapema. Mfadhili wenu ameweka gharama hiyo kwenye hesabu zake?

Mwana wa Mgombani

Mkuu Nondo, Mungu akubariki. Mfereji upo, unapita nyuma ya jengo la pili hilohilo. Sikuwahi kuuhusisha na ufa. Na asbesto hajaitaja popote.

Kalamu ya Wakili

Ndugu mleta uzi, tulia kwanza: huna sahihi ya kuweka hapo. Bodi ya shule, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, haimiliki ardhi. Shule ya serikali iko chini ya halmashauri, na mkataba wowote wa kiwanja hicho ni wa halmashauri. Mjumbe wa bodi akisaini makubaliano ya miaka 30 na mfanyabiashara, hiyo ni karatasi tupu, na ataulizwa alisaini kama nani.

Zaidi ya hapo, mpango wa mtu binafsi kujenga kwenye ardhi ya umma, kuvuna mapato kwa miaka kadhaa kisha kurudisha, ni ubia. Kuna sheria ya ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi, kuna upembuzi yakinifu, na kuna ushindani. Nia ya huyo ndugu inaweza kuwa njema kabisa. Aiandike, aipeleke kwa mkurugenzi, ipite kamati ya maendeleo ya kata na baraza la madiwani, ijulikane hadharani.

Swali langu ni moja: shule ina hati miliki? Nimeona kesi nyingi ambazo shule ya zamani haijapimwa, ina barua tu ya mzee fulani aliyetoa shamba, na wajukuu zake leo wanadai. Anzeni hapo kabla ya kuchora ukumbi.

Nyuki wa Asali

Mimi nawapinga kidogo waliotangulia. Mnamtisha mwenzetu kwa taratibu wakati watoto wananyeshewa.

Hesabu hii imewafikia? Kwa mfumo mpya wa elimu, ambao msingi unaishia darasa la sita, mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba wanamaliza pamoja. Januari 2028 wanaingia kidato cha kwanza wote kwa mkupuo. Shule yenu itapokea mara mbili ya kawaida. Ukarabati hauongezi chumba hata kimoja! Na mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, unahitaji karakana ambazo shule kongwe nyingi hazina. Mwenye pesa akija mlangoni mwaka huu, mnataka arudi lini?

Mwalimu Mkuu Mstaafu

Nyuki, hoja ya 2028 ni nzito, nakuunga mkono. Lakini ndiyo hiyohiyo inayonifanya niogope kuvunja kwanza. Ukivunja madarasa yote leo, na mjenzi akaishiwa pesa kwenye lenta, Januari 2028 watoto watakaa wapi?

Niliongoza shule wakati wa ukarabati. Hakikisheni jengo jipya limekamilika, limepauliwa, lina madawati, ndipo la zamani liguswe. Panga kazi za kelele Juni na Desemba. Novemba usiruhusu hata bati kukatwa, vijana wa kidato cha pili na cha nne wanakuwa kwenye mitihani ya taifa. Sisi tulikosea hapo, na watoto walifanya hisabati huku mashine ya kuchanganyia zege ikinguruma dirishani. Bado inaniuma.

Na tafadhali, kabla ya ghorofa, vyoo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Weka chumba cha kujistiri chenye maji, na mtelezo kwa mwenye kiti cha magurudumu. Nimeona majengo ya kupendeza ambayo mtoto mwenye ulemavu hawezi kuyafikia.

Kuhusu gharama, fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilitenga Sh milioni 20 kwa kila chumba cha darasa kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inasimamia mafundi bila mkandarasi. Bei zimepanda tangu hapo, na ghorofa kwenye mteremko ni ghali zaidi. Lakini mnaona kwamba vyumba vinne vya chini si ndoto kwa wananchi wakishirikiana na halmashauri, bila kumpa mtu kiwanja chenu cha barabarani.

Mama Wanne

Jamani, mimi si mtaalamu, ni mzazi. Binti yangu alisoma mjini, shule yenye fremu na ukumbi ukutani. Mwanzoni zilikuwa duka la vitabu na la nguo. Mwaka wa pili ikaingia grosari, Ijumaa spika mpaka saa nane usiku, bweni liko hatua thelathini. Wasichana wakawa wanapita katikati ya walevi kwenda kununua sabuni.

Sikatai ukumbi. Hata mimi harusi ya mdogo wangu ilinyeshewa. Ila uwe na geti lake la barabarani, choo chake na maji yake, na ukuta kati yake na shule. Mabweni yahamie upande wa mbali. Na iandikwe kwenye mkataba fremu ziuze nini na zisiuze nini. Uzuri wa huku kwenu ni kwamba sherehe nyingi ni Desemba, watoto wako likizo. Katikati ya muhula ukumbi uwe wa mitihani na mikutano ya kijiji, pombe hapana. Maktaba nayo wanakijiji waingie jioni na Jumamosi kupitia mlango wa nje, siyo kukatiza madarasani.

Kalamu ya Wakili

Mama Wanne, hayo uliyosema ndiyo vifungu vyenyewe. Ongezeni kimoja: mapato ya fremu yakusanywe kwa namba ya malipo ya serikali, na sehemu ya shule itajwe kwa asilimia. Kwa maneno "Shule itanufaika" pekee huwezi kumdai mtu.

Mwana wa Mgombani

Mrejesho, wakuu, baada ya wiki tatu.

Ufa ni mpana juu, kama Nondo alivyosema. Tulifuata mfereji na mkuu wa shule: umebomoka kingo nyuma ya jengo, maji yanatuama kwenye kona ileile. Wazee wa mfereji wameitwa, wameanza kuujengea kwa mawe na saruji. Vioo vitatu viko ukutani, vina tarehe.

Hati hakuna. Kuna barua ya mwaka 1963. Mkurugenzi ametuma mpimaji, na tumemchukua mzee mmoja wa miaka themanini na kitu ambaye alikuwepo siku shamba linatolewa. Alituongoza kwa masale, ile mimea yetu ya mipaka. Upande wa barabara, masale ya mpaka yamo ndani ya migomba ya jirani, hatua kumi na saba kutoka kwenye uzio wetu wa sasa. Yamezeeka lakini yapo. Jirani mwenyewe alikuwepo, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema baba yake aliwahi kumwambia.

Mfadhili nimempigia nikamweleza atume pendekezo lake halmashauri kwa maandishi, na aanze na madarasa manne ya chini bila kuvunja kitu. Hakukasirika. Ameomba mpaka Desemba, akija nyumbani tukae naye na ukoo mzima.

Jumamosi tunaendelea na upande wa mtoni. Nondo, nitaleta picha za vioo masika ikipita.