Mmegawana ng'ombe wa marehemu baba, deni lake mmemwachia mama

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa na hasira na sitaificha, ila nitajitahidi kueleza jambo lilivyokwenda bila kutia chumvi.

Baba yetu alikuwa mkulima na mfugaji. Alifariki bila kuacha wasia, akamwacha mama na watoto wanne, mimi binti nikiwa wa tatu. Kikao cha familia kilimpendekeza kaka mkubwa awe msimamizi wa mirathi, mahakama ikamthibitisha, nami sikuwa na neno, kwa kuwa niliamini kwamba msimamizi hukabidhiwa amana ya kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kinachobaki. Kaka alielewa kwamba amepewa funguo.

Mgawo wote wa mifugo ulifanyika alasiri moja, zizini, tukiwa tumesimama. Hapakuwa na orodha iliyoandikwa wala mtu wa kuthamini mali. Baba mdogo alikuwa akinyoosha fimbo yake na kaka akitaja jina la mrithi. Ng'ombe walikuwa 12, tukapewa watatu watatu, tukaambiwa kwamba hakuna aliyepunjwa. Mama aliambiwa kwamba yeye atakula kwa watoto wake. Sasa, katika watatu wa kaka walikuwamo mitamba wawili wenye mimba, mmoja akiwa katika mwezi wa nane, na kila mfugaji anajua kwamba ng'ombe huzaa kwenye miezi tisa, kwa hiyo haukupita muda zizi lake likaongezeka ilhali sisi tungali tunahesabu watatu. Mimi nilipata jike kongwe lililokwisha kukoma kuzaa, ndama dume, na maksai mmoja.

Maksai mmoja! Aliyewahi kulima kwa plau ataelewa kilio changu. Wale maksai wawili baba aliwafundisha pamoja, mmoja wa kulia na mwenzake wa kushoto, na hata ukiwafungulia nira walikuwa wakitembea kwa mpangilio uleule kwenda majini. Wa pili alipewa mdogo wetu, ambaye halimi wala hafugi, naye akamuuza kwa mchinjaji kabla ya juma kwisha. Plau na nira vilibaki kwa kaka kwa sababu, eti, vyombo haviwezi kugawanyika.

Siku ile nilileta daftari la baba. Jalada lake limekwisha kung'oka. Mbele ameandika kwa penseli tarehe ambayo kila jike lilipandwa, na kurasa za nyuma zina mikopo yake ya mbolea na mbegu, kila kiasi kikikatwa kwa mstari pale alipomaliza kulipa. Deni la msimu wa mwisho halijakatwa. Kaka alilifungua, akasema kwamba halina saini wala muhuri, akanirudishia. Siku tatu baadaye mkopeshaji alibisha hodi kwa mama.

Ukienda katika mahakama ya kiraia utaambiwa kwamba gharama za mazishi na madeni hutangulia mgawo, na ukienda katika mirathi ya Kiislamu utakuta Sura ya An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, ikirudia kwamba mafungu hutolewa baada ya wasia na deni. Kaka yangu ametunga sheria yake, ambayo kwayo warithi hugawana kwanza, kisha deni likamtafute mjane. Mama alililipa kwa kuuza mbuzi wake mwenyewe, aliowanunua kwa jasho lake, ambao hawakuwa hata sehemu ya mirathi.

Shamba nalo lilikatwa kwa namna ambayo hata mtoto angeuliza. Lingekatwa kutoka barabarani kushuka hadi bondeni, kila mmoja angepata kokoto za juu na udongo mzito wa chini. Wao wakalikata kwa kukingama, bonde lote na kisima chake likaangukia kwa kaka, na leo nachota maji kwa kuomba ruhusa. Mazao yaliyokuwa yamesimama bondeni, ambayo mimi na mama tuliyapalilia baba akiwa kitandani, aliyavuna peke yake, akisema kwamba yako kwenye ardhi yake.

Nimemwandikia barua mbili nikidai orodha ya mali na hesabu ya mirathi, ambazo msimamizi anapaswa kuziwasilisha mahakamani, na zote hazijajibiwa. Baba mdogo ananiita mchoyo anayevunja ukoo. Naomba msaada wa aliyekwisha kupitia njia hii: nikiomba mahakama imwondoe kaka katika usimamizi, je, mgawo huu unaweza kutenguliwa pamoja na ndama waliozaliwa baadaye, na daftari la marehemu lisilo na saini linaweza kupokelewa kama ushahidi? Na mama, je, atarudishiwa thamani ya mbuzi wake kutoka katika mafungu yetu sote? Mimi niko tayari fungu langu lianze kukatwa.