Majitaka ya kaya 60 Kimbiji: mtambo wa utando, matete au mabwawa?

Mkazi_Kimbiji: Wakuu, habari za jioni. Huku kwetu Kimbiji, Dar es Salaam, tuko kaya kama 60 na maji ya chini yako karibu sana. Masika ikianza vyoo vinajaa, watu wanatapisha usiku, yaani wanaachia majitaka yatiririke nje. Mfadhili yuko tayari kujenga mfumo wa pamoja na tuna mapendekezo matatu: mtambo wa kisasa wenye chujio la utando, matangi ya chini ya ardhi pamoja na kitalu cha matete, au mabwawa ya kutulizia majitaka kama yale ya Vingunguti. Kamati inautaka mtambo. Mnasemaje?

FundiChemba: Kabla ya yote, maji ya bomba mnayo ndani au mnamwaga kwa kopo?

Mkazi_Kimbiji: Nusu bomba, nusu kisima na ndoo.

FundiChemba: Basi mtaziba mabomba mapema sana. Kinyesi hakisafiri bila maji ya kukisukuma. Kila nyumba ibaki na tangi la septiki, tope litulie humo, na bomba jembamba lipitishe maji tu. Hii haijalishi mtachagua mfumo gani.

Injinia_Mstaafu: Fundi kasema vema. Sasa hesabu. Watu 300, kila mmoja akitumia lita 80, ni mita za ujazo 24 kwa siku. Utando una matundu madogo kuliko bakteria wa kinyesi, kwa hiyo maji yanatoka meupe kabisa. Kwa usafi hakuna anayeufikia. Lakini lazima upulize hewa usiku na mchana, na mtambo mdogo hivyo unaweza kula uniti moja ya umeme kwa kila mita ya ujazo. Uniti 24 kila siku, LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya nani? Utando wenyewe unaziba, unaoshwa kwa klorini na asidi, na baada ya miaka kadhaa unabadilishwa. Hauuzwi Kariakoo.

Mimi ningechukua matete. Maji yanapita tangi lenye kuta ndani, yanapanda na kushuka kama mtu anayeruka viunzi, na kila yakipanda yanakutana na tope lenye bakteria wasiohitaji hewa. Kisha yanaingia kwenye kokoto na mizizi. Mteremko tu, umeme hakuna. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanyia utafiti vitalu hivi na mabwawa kwa miaka mingi, kwa hiyo wa kuwauliza wapo hapahapa.

mama_bustani: Shikamoo mzee. Hayo maji naweza kumwagilia mchicha?

Injinia_Mstaafu: Marahaba mwanangu. Mchicha hapana. Mwongozo wa WHO wa 1989 kwa mboga zinazoliwa mbichi ulitaka koliformu za kinyesi (bakteria wanaoonyesha uchafu wa choo) zisizidi 1000 kwa mililita 100 na yai la minyoo lisizidi moja kwa lita. Kitalu peke yake hakifiki hapo. Migomba na minazi sawa, na itafurahia ile amonia inayobaki.

Kijana_wa_Kibada: Mbona mabwawa mnayaruka? Kwa kuua vijidudu, jua na siku nyingi za kutulia ndiyo dawa, na mayai ya minyoo yanazama chini yenyewe.

FundiChemba: Yanataka karibu robo eka, na udongo wao ni mchanga. Wasipotandika plastiki nzito au mfinyanzi, yote yanashuka visimani. Halafu mbu.

Kijana_wa_Kibada: Robo eka Kimbiji si kitu, mkuu. Wangeweka bwawa moja dogo baada ya matete, mama apate mchicha wake.

Injinia_Mstaafu: Hilo nakubali, ila wapime kwanza kabla ya kula. Na maji yakienda mtoni, NEMC, baraza la mazingira la taifa, watadai BOD (kipimo cha uchafu unaomaliza oksijeni ya maji) isizidi miligramu 30 kwa lita.

Mkazi_Kimbiji: Kikao ni Jumamosi. Nimuulize nini mkandarasi wa mtambo?

FundiChemba: Nani analipa LUKU mfadhili akiondoka, na tope la septiki linakwenda wapi. Gari la majitaka likikwama kwenye mchanga wenu mtarudi kutapisha. Ombeni kitanda cha kukaushia tope palepale. Miche ya matete msinunue, chimbeni bondeni.