Injini ya boti haitemi maji, ikipata moto haiwaki

Wakuu, niko Kibirizi, Kigoma. Mashine yangu ya HP 15, ya kuchanganya oili, ikiwa baridi inawaka mara moja. Nikikaribia Ujiji, maji ya kupoza mashine yanayotoka pembeni yanabaki matone; nikizima, haiwaki mpaka ipoe. Plagi nimebadilisha.

— Plagi unaionea bure, mkuu. Chokoa kile kitundu kinachotema maji kwa waya mwembamba, mchanga hujaa pale. Ikigoma, fungua guu (sehemu ya chini ya mashine yenye propela) ulishushe, fungua pampu ya maji, tazama impela, kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachosukuma maji. Mabawa yamekakamaa au kukatika? Weka mpya. Na vipande vitafute, huwa vinapanda kuziba njia ya maji.

— Usiijaribu nchi kavu! Guu litumbukize kwenye pipa la maji, impela kavu inaungua upesi.

— Nimefungua. Bawa moja halipo! Kipande bado nakisaka.