Mada: Studio Côte-des-Neiges, nilipe amana au niache?

Shikamooni wakubwa, wengine habari za Jumapili.

Nina wiki ya tatu hapa Montréal, nalala kwenye kochi la rafiki na naona ameanza kunichoka. Nimepata studio Côte-des-Neiges, dola 980 kwa mwezi. Tangazo lilisema "1½", nikafurahi nikijua nina chumba na kijisebule. Kumbe hiyo nusu ni bafu! Ni chumba masta tu, jiko limebanwa ukutani, ukiweka kitanda mlango wa friji unagonga godoro. Ila duka la mboga liko chini pale pale, kituo cha metro, treni ya chini ya ardhi, dakika nane kwa mguu, na gari sina.

Mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwezi mmoja, keshi, kabla ya Ijumaa. Mimi nimetoka Sinza, nimezoea miezi sita kwa mkupuo na ya dalali juu, kwa hiyo huyu nimemwona ana huruma. Nilipe?

Mgeni wa kochini

---

Marahaba, mdogo wangu. Hiyo amana usilipe.

Québec siyo Dar, wala siyo Toronto. Hapa sheria inamruhusu mwenye nyumba kukudai kodi ya mwezi wa kwanza tu. Amana hana haki ya kuidai, iwe ya nyumba, ya funguo au ya fanicha. Hata hiyo kodi ya mwezi wa kwanza, saini mkataba kwanza, kisha lipa upewe risiti. Akitaka namba yako ya bima ya jamii, mnyime; jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa vinamtosha kuangalia rekodi zako za madeni.

Mkataba lazima uwe kwenye fomu ya Tribunal administratif du logement, baraza la kesi za wapangaji na wenye nyumba. Ukiipata, ruka kurasa zote uende kwenye kipengele G. Hapo anatakiwa kuandika kodi ya chini kabisa iliyolipwa kwenye nyumba hiyo miezi 12 iliyopita. Ukiona amepandisha kupita kiasi, una mwezi mmoja tangu mkataba uanze kwenda Tribunal wakupangie kodi. Asipokupa taarifa hiyo, una miezi miwili.

Mimi mwaka wangu wa kwanza G iliachwa tupu, nikasaini hivyo hivyo. Nilikuwa nalipa 875. Siku moja kwenye chumba cha kufulia bibi wa mlango wa pili akaniuliza nalipa ngapi, akacheka hadi akashika mashine: aliyenitangulia alikuwa analipa 690. Nikapeleka ombi wiki ya saba. Kabla hatujaitwa, mwenye nyumba akakubali 740. Mwaka mzima hakunisalimia, lakini salamu yake ilikuwa hainipikii ugali.

Kaka wa Plamondon

---

Kaka kamaliza ya karatasi. Mimi naongeza ya miguu.

Mdogo wangu, dakika nane za ramani ni za Septemba. Côte maana yake mteremko, neiges ni theluji, jina limeshakuonya. Kabla hujasaini, nunua mchele kilo nane, utembee nao kutoka metro hadi mlangoni, usiku. Halafu jiulize Februari itakuwaje.

Nilipokuwa Verdun nilipenda nyumba yenye ngazi za nje, zile za chuma zinazojipinda. Kwenye picha zilipendeza. Januari ya kwanza nikateleza kutoka ngazi ya nne na mfuko wa unga wa sembe ukapasuka. Nimekaa chini natafuta unga juu ya theluji, weupe juu ya weupe, na jirani anauliza kama nimepoteza lensi ya jicho.

Uliza pia kama kodi imebeba joto. Vile vipasha-joto vya umeme vya chini ya dirisha vinakula. Bili ya Hydro-Québec, shirika la umeme, huja baada ya kama miezi miwili, hakuna LUKU ya kukukatia ukashtuka mapema. Na washa tochi ya simu chini ya sinki: mende hawajifichi mbali.

Dada wa Verdun

---

Asanteni sana. Nimempigia, nikamwambia nataka fomu ya Tribunal na amana silipi. Kimya kidogo, kisha "sawa, sawa". Joto limo ndani ya kodi. G ameandika 870, kwa hiyo nina mwezi wa kutafakari hizo 110. Mchele nimeubeba, kilima kimenitoa jasho lakini nimefika. Nasaini Jumatano.

Sasa godoro. Kuna moja zuri limeachwa kando ya barabara jirani na hapa...

Mgeni wa kochini

---

Hilo la barabarani usiliguse! Kunguni hao. Nina gari, Jumamosi tukanunue. Nakupitia saa nne, ya kwetu, siyo ya alfajiri.

Kaka wa Plamondon