Brussel, Bruxelles, Brussels: mgeni afuate jina lipi?

Kutoka: Dada wa Leicester

Ndugu zangu mlioko Ubelgiji, habari za siku nyingi.

Nina vijana wawili wanaokuja huko Septemba. Binti wa kaka yangu anatoka Mwanza, na barua yake ya chuo imeandikwa Leuven. Mtoto wa mdogo wangu yuko Italia tayari, yake inasema Louvain-la-Neuve. Baba zao wanaamini watoto wanakwenda chuo kimoja na wameshatafuta nyumba ya kukaa pamoja. Mimi nikitazama ramani naona Leuven, naona Louvain, na mji mkuu wenyewe nimeukuta umeandikwa kwa namna tatu. Ratiba ya treni inataja Brussel-Zuid, mwenyeji wao anasema atawapokea Bruxelles-Midi. Ni stesheni moja au mbili? Naomba anayejua anifafanulie kabla wazee hawajalipa kodi.

Kutoka: Mzee wa Schaerbeek

Dada, umefanya la maana kuuliza mapema. Nianze na la haraka: wasilipe hiyo kodi. Leuven na Louvain-la-Neuve ni miji miwili. Leuven ni mji wa zamani ulio upande wa Waflama, yaani Wabelgiji wanaosema Kiholanzi, na wanaosema Kifaransa huuita Louvain. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1425. Mwaka 1968, baada ya mvutano mkali wa lugha, kikagawanywa. Waliofundisha kwa Kiholanzi wakabaki palepale, wa Kifaransa wakajengewa mji mpya kabisa karibu na Ottignies katika miaka ya 1970, ukaitwa Louvain-la-Neuve, yaani Louvain Mpya. Namba ya posta ya Leuven ni 3000, ya Louvain-la-Neuve ni 1348. Kijana akikaa mji mmoja na kusoma mji mwingine, kila asubuhi atakuwa njiani wakati wenzake wako darasani.

Stesheni ni moja. Bruxelles-Midi ndiyo Brussel-Zuid. Kiholanzi kinasema Kusini. Kifaransa kinasema Midi, neno ambalo ni adhuhuri na ni kusini pia, kwa sababu huku kaskazini jua la saa sita liko kusini siku zote. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua la saa sita utosini, ndiyo maana jina hili halituingii mara moja. Treni za Eurostar zinafika hapo. Ziko nyingine kubwa mbili za kukumbuka: Bruxelles-Nord ni Brussel-Noord, na Bruxelles-Central ni Brussel-Centraal. Hizo hazisumbui.

Sasa jina lenyewe la mji, kwa sababu ukilielewa hilo mengine yote yanakaa sawa. Asili yake ni Kiholanzi cha kale. Liliandikwa Bruocsella au Broekzele: *broek* ni kinamasi, *zele* ni makao. Makao ya kinamasini. Mji ulianzia kwenye visiwa vya mto Senne, ambao Waflama huuita Zenne, na mwaka unaohesabiwa kuwa wa kuzaliwa kwake ni 979, Charles, mtawala wa Lotharingia ya Chini, alipojenga ngome pale. Ukija leo hutauona huo mto katikati ya mji. Ulikuwa umegeuka mfereji wa uchafu, kipindupindu kikaua watu wengi mwaka 1866, na kuanzia 1867 hadi 1871 meya Jules Anspach akaufunika kwa matao na kupitisha barabara pana juu yake. Barabara hiyo ina jina lake hadi sasa. Kwa hiyo kinamasi kimekwenda na mto umefichwa. Jina ndilo limebaki.

Kila jirani akalichukua kwa ulimi wake. Wahispania wanasema Bruselas, Wapolandi Bruksela, Wacheki Brusel, Wajerumani Brüssel, na Waingereza wakaongeza ile s ya mwisho. Wafaransa waliandika x, na hapo wageni wengi hujikwaa, hata wanaotoka Paris. Wenyeji hawatamki "Bruksel". Wanasema "Brusel", ile x ni s tu. Lakini komini (yaani manispaa) ya Ixelles hutamkwa "Iksel", kwa ks kamili. Usitafute kanuni hapo, zishike zote mbili kama zilivyo.

Jambo ninalotaka vijana walishike kuliko yote ni hili: katika nchi hii jina la mahali hufuata ardhi uliyosimama. Mipaka ya lugha iliwekwa kwa sheria za mwaka 1962 na 1963. Upande wa Flanders kila kitu ni Kiholanzi, Wallonia ni Kifaransa, mashariki kuna eneo dogo la Kijerumani, na Brussels peke yake ina lugha mbili rasmi. Haitoshi kujua jina la unakokwenda. Jua jina lake la pili pia, kwa sababu ndilo utakaloliona ukiwa njiani.

Na neno Brussels lina maana mbili. Kuna mkoa mzima wenye komini 19, na kuna komini moja kati ya hizo iitwayo Ville de Bruxelles, au Stad Brussel. Katiba inasema hiyo komini moja ndiyo mji mkuu wa Ubelgiji. Nimewaona wageni wengi wakipanga foleni kwenye ofisi za mjini kati ilhali wanaishi Schaerbeek au Anderlecht, kwa kuwa barua iliwaambia wakajiandikishe "komini ya Brussels". Tazama namba ya posta ya nyumba yako. Ikiwa 1000, 1020, 1120 au 1130, wewe ni wa Ville de Bruxelles. Ikiwa 1030 nenda Schaerbeek, 1050 kwa kawaida ni Ixelles, 1060 Saint-Gilles, 1070 Anderlecht, 1080 Molenbeek. Jina litabadilika, Ixelles itaandikwa Elsene, Saint-Gilles itaandikwa Sint-Gillis, Forest itaandikwa Vorst, Uccle itakuwa Ukkel. Namba haibadiliki.

Kutoka: Dada wa Gent

Shikamoo Mzee. Niongeze la barabarani, maana hapo ndipo watu wanapotea kweli.

Ukitoka Brussels kwa gari kwenda Mons, kwanza unakata kipande cha Flanders pale Halle. Vibao vyote vya hapo vinasema Bergen. Ukivuka mpaka wa lugha, Bergen inatoweka na unaanza kuona Mons, barabara ileile. Liège kwa Waflama ni Luik, Tournai ni Doornik, Namur ni Namen. Ukiwa upande wa Wallonia unarudi kwetu, Gent inakuwa Gand, Antwerpen inakuwa Anvers, Kortrijk inakuwa Courtrai. Simu inaweza kukuandikia Liège wakati kibao kilicho juu yako kinasema Luik, na njia ya kutokea iko mita mia tano mbele. Andikeni majina yote mawili kwenye karatasi, mwenye kukaa kando ya dereva aishike.

Kali kuliko zote ni Lille. Huo mji mkubwa wa Ufaransa ulio karibu na mpaka, vibao vya Flanders vinauita Rijsel. Lakini ipo Lille nyingine hapahapa Ubelgiji, mji mdogo jimbo la Antwerpen, namba ya posta 2275. Ukiandika Lille kwenye ramani ya simu bila kutazama nchi, unaweza kupelekwa kinyume kabisa na ulikokusudia.

Kwenye treni ni hivyohivyo. Kondakta akiwa ardhi ya Flanders anatangaza kwa Kiholanzi, akiingia Brussels anatumia lugha zote mbili, akiingia Wallonia ni Kifaransa. Mwaka 2024 kondakta mmoja aliwasalimu abiria pale Vilvoorde kwa Kiholanzi akaongeza bonjour ya Kifaransa, abiria akaenda kushtaki kwenye tume ya lugha. Nalisema hilo ili vijana waelewe kwamba kwa watu wa hapa si mzaha. Ukiwa Leuven, kwenye kaunta anza na *goeiedag*, salamu ya Kiholanzi. Kiingereza watakujibu bila shida. Kuanza na Kifaransa pale kunaweza kumkera mtu, na kosa si lako, ni mambo ya zamani yao.

Kutoka: Kijana wa Matonge

Wakubwa shikamooni. Hata mitaa ina majina mawili. Hapa kwetu barabara ni Chaussée de Wavre juu, Waversesteenweg chini, kwenye kibao kimoja. Metro ya Porte de Namur ni Naamsepoort. Stesheni ya Arts-Loi ni Kunst-Wet, na ukiitazama kwa mara ya kwanza huwezi kudhani ni mahali pamoja. Kwenye fomu andika lugha moja tu, usichanganye, maana nimeona anwani yenye mtaa wa Kifaransa na komini ya Kiholanzi, na barua ikachelewa. Ukijiandikisha Brussels utaulizwa faili lako liwe la lugha gani. Chagua unayoisoma vizuri, kwa sababu barua zote zitakuja kwa hiyo.

Na Matonge yenyewe, kwa mnaokuja, hamtaipata kwenye orodha ya komini. Ni kipande cha Ixelles, jina limetoka Kinshasa. Ukifika Porte de Namur utaona kibao cha uwanja wa Patrice Lumumba, uliozinduliwa 30 Juni 2018. Piteni, mtapata pondu (kisamvu) na makayabo (samaki wa chumvi).

Kutoka: Mama wa Liège

Naomba niwakumbushe na wazee wetu wa Kongo. Wengi waliozaliwa kabla ya 1966 vyeti vyao vinasema Léopoldville, Élisabethville au Stanleyville, huku pasi zao mpya zinasema Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani. Warundi wana Usumbura kwa Bujumbura, iliyobadilika wakati wa uhuru mwaka 1962. Ofisa kijana wa komini hawezi kuwa anajua historia hiyo. Mama yangu mkubwa alidaiwa maelezo kwa sababu mahali pa kuzaliwa palionekana pawili. Nendeni na cheti na pasi pamoja, semeni mapema kwamba mji ni mmoja na jina lilibadilishwa na serikali, kisha hakikisheni karatasi zote za hapa zinafuata maandishi ya aina moja. Marekebisho baadaye yanachosha mtu mzima.

Kutoka: Dada wa Leicester

Mungu awabariki. Wazee nimewapigia, wamesitisha ile nyumba. Bado moja. Tiketi ya binti imeandikwa BRU. Ya huyu wa Italia inasema Brussels South, CRL. Nilidhani ni Brussel-Zuid ileile ya treni?

Kutoka: Mzee wa Schaerbeek

Hapana dada, hiyo ni nyingine, na ni vizuri umeuliza. BRU ni uwanja wa Zaventem, uko kwenye ardhi ya Flanders, treni iko chini ya jengo lenyewe. Binti apande ya Leuven moja kwa moja, ni mwendo wa kama robo saa, asiingie mjini kabisa.

CRL ni Charleroi, karibu kilomita 50 kusini ya mji mkuu. Wameuita Brussels South kibiashara tu. Kuna basi linalotoka pale hadi Bruxelles-Midi, ila kijana wako hana haja ya kuja huku juu ndipo arudi chini. Achukue basi la kwenda stesheni ya treni ya Charleroi, kisha treni ya Ottignies, na pale abadilishe ya Louvain-la-Neuve. Kama atafika usiku nijulishe, ratiba za usiku ni chache na nitamtafutia mtu wa kumlaza Charleroi.