Ushauri: kupandikizwa moyo India wakati kifua kimeshapasuliwa mara mbili

Mkwaju31: Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 31. Nilizaliwa na tundu kwenye moyo na mshipa mwembamba wa kwenda mapafuni. Nilipasuliwa nikiwa na miaka 5, wakarudia nikiwa na 17. Sasa moyo umechoka, nalalia mito mitatu. Nimeambiwa kilichobaki ni kupandikizwa. Niende?

Bi Kirembo: Pole mwanangu. Mume wangu presha ilimlaza miezi miwili, tukaacha chumvi kabisa. Leo analima. Acha chumvi.

Chachandu: Ukiwekewa moyo mwingine, mchumba wako atapendwa na nani sasa?

Nesi Mstaafu: Chachandu, mtu anaumwa. Mkwaju, nani kakuahidi nafasi? Kule moyo wa marehemu hutolewa kwa raia kwanza, mgeni hupewa asipopatikana raia unayemfaa. Na wewe una makovu yaliyogandisha moyo na mfupa wa kifua, na damu ulizoongezewa huenda zimekuachia kingamwili za kuikataa mioyo mingi.

Mkwaju31: Kuna dalali. Anasema ndani ya wiki mbili moyo upo. Nimeshauza kiwanja, nimetuma nusu. Msinihukumu, nyie mnapanda ngazi bila kuhesabu.

Bi Kirembo: Kiwanja! Mzazi wako anajua?

Kipanga: Hii chai. Moyo ukishatolewa una kama saa 4 tu uwe umeshawekwa kwa mtu. Huyo dalali amemjuaje marehemu wa wiki ijayo? Au dalali ni wewe, unatafuta wateja humu.

Mkwaju31: Kaka, kovu langu linaanzia chini ya koo, nafunga kifungo cha juu hata kwenye joto la Dar. Nikivua soksi jioni, alama yake inabaki mguuni mpaka nimalize kula. Chai gani hiyo?

Nesi Mstaafu: Mimi nakuamini. Nusu ya pili usitume. Rudi kwa daktari wako na karatasi za upasuaji wote. Wapime kingamwili, ini, na presha ya mapafu kwa mrija unaopitishwa hadi kwenye moyo. Presha hiyo ikiwa juu sana, moyo mpya huelemewa upande wa kulia siku ileile. Uliza pia kama kubadilisha vali kungekusaidia kwanza.

Mkwaju31: Karatasi za kwanza mama alizifunga kwenye kanga, ziko Korogwe. Kesho napanda basi. Dalali amepiga mara ya tatu sasa, sijapokea.